Tairi la Tano

Pale gereji walimwita Daktari, jina alilojipa mwenyewe, kisha akawanunia wote waliochelewa kulizoea. Mashine ya kupimia magari ilining'inia shingoni mwake hata akienda msalani.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumwita hivyo: mama mkwe wake. Miaka yote gari lake alilipeleka kwa fundi wa mtaa wa pili, na jambo hilo lilimchoma Daktari kuliko tusi. Basi siku mama huyo alipokuja mwenyewe, akilalamika kuwa taa ya upepo wa matairi haizimi, Daktari aliwafukuza mafundi wenzake wote wasije wakamwibia sifa.

Akapima kwa geji tairi moja moja. Yote manne mazima. Akachomeka mashine, isome sensa, vile vidude vinavyokaa ndani ya matairi kupima upepo. Ikaandika: tairi la tano, upepo hakuna.

Daktari alicheka hadi akashika kiuno.

"Mama, sensa zako zimelewa. Tairi la tano! Hili gari au treni?"

"Kwa hiyo mashine inadanganya, baba?"

"Mashine yangu haidanganyi, mama. Ila kuhesabu haijui."

Akakata kipande cha utepe mweusi, akaiziba ile taa. Ndiyo dawa aliyowapa wagonjwa wake wote; chungulia dashibodi za mtaa ule, zimejaa viraka kama suruali ya kazi.

Jumamosi akajitolea kumwendesha mama mkwe, kwa gari lile lile, akamwoze binti yake wa mwisho. Njia nzima alijisifu, debe tupu haliachi kuvuma. Walipofika mahali pasipo na nyumba wala duka, wakapata pancha.

"Usitie shaka, mama. Uko na fundi."

Akapiga jeki, akalegeza nati, akafungua buti kutoa tairi la spea. Lilikuwa limenywea kama puto la juzi. Na kwenye vali yake, sensa, nzima kabisa.

Mama mkwe alishuka na nguo zake za arusi, akalitazama spea, akamtazama mkwewe. Akarudi mbele, akaubandua ule utepe kwa ukucha. Taa ilikuwa inawaka bado. Akatoa simu, akampigia fundi wa mtaa wa pili, akamweleza walipokwama. Fundi akauliza jambo.

"Hapana, baba," mama akajibu. "Fundi hapa sina. Niko na mkwe wangu tu."