Afisa wa Mazoezi

Jana tulikaa ukumbini wanawake kumi na wawili, wote wauzaji wa pale stendi ya Babati, mimi wa chapati na mtoto mgongoni, kwa sababu tumeambiwa tuhame na Jumatatu tunakwenda kwa afisa wa halmashauri kuomba tubaki. Mkufunzi, aliyetumwa na chama cha wafanyakazi cha ng'ambo, akasema kwanza tufanye mazoezi, tuigize siku hiyo ya maombi. Mwenzetu muuza samaki akachaguliwa kuwa afisa.

Jamani! Aliazima miwani ya mkufunzi, akainamia karatasi, wala hakututazama.

"Mna dakika mbili. Nani aliwapa kibali cha kukaa pale?"

Msemaji wetu, mama wa mboga kutoka Singe, akasimama. "Shikamoo, mheshimiwa..."

"Nimeuliza kibali, sijauliza salamu. Na huyo mwenye mtoto anayelia, atoke nje!"

Nami, ewe msomaji, nikatoka! Nikasimama mlangoni nabembeleza mtoto, huku ndani nawasikia wenzangu, "Samahani mheshimiwa, tutahama mheshimiwa," wakimwambia mwanamke tunayeazimana naye mkaa kila siku.

Niliporudi, hakuna aliyekuwa anacheka. Muuza samaki alishavua miwani, machozi yanamlenga.

"Kumbe kutufukuza ni rahisi hivi?" akauliza.

Tukarudia mara nne. Mara ya nne aliponifokea nitoke, nilimkaza mtoto mgongoni nikabaki pale pale. Sasa Jumatatu ndiyo kesho, nguo za mtoto nimeshazikunja mara tatu, na ninachomwomba Mungu ni kimoja tu: huyo afisa awe mpole kuliko muuza samaki wetu.