Swali Alilojibu Bibi Akiwa na Miaka Kumi

Barua ya uhamiaji niliifungulia ndani ya treni ya Saltsjöbanan, nikitoka Fisksätra, nje kidogo ya Stockholm, kwenda kazini. Walitaka kipimo cha DNA, changu na cha binti yangu aliyebaki Bujumbura, wajue kama ni damu moja. Alikuwa na miaka tisa. Sikumzaa mimi. Alimzaa dada yangu, akafariki mtoto bado ananyonya. Kwetu, siku ya kumaliza matanga, wakubwa walimweka mapajani mwangu mbele ya wote wakasema huyu ni wako. Ukishakabidhiwa hivyo humtaji tena mama mwingine, maana ni kumfanya mtoto yatima mara ya pili. Basi afisa aliponiuliza kama nimemzaa mimi, nilisema ndiyo bila kupepesa macho. Ujinga wangu mwenyewe. Sasa wangeniita mwongo, na mtoto angebaki kwa jirani ambaye alishaniambia amechoka.

Kazi yangu ilikuwa kutunza wazee majumbani. Asubuhi nilianza na bibi mmoja Myahudi, mzaliwa wa Vienna, anayekaribia miaka themanini. Nilimwita bibi, ingawa Wasweden wanaitana majina matupu. Mimi ningeona aibu. Alikuwa mkali. Uji ukiwa na bonge moja tu, anasukuma bakuli. Siku hiyo niliuunguza kabisa, lakini aliniangalia usoni tu, akaniambia nikae. Nikamweleza yote.

Akanisimulia yake. Alifika Stockholm na kundi la watoto, bila wazazi, akiwa na miaka kumi. Manazi walikuwa wamemfukuza baba yake kazini na kuwanyang'anya nyumba. Kutoka kuliwezekana bado, ila kwa aliyepata nchi ya kumpokea. Hawakuwa wakiota makubwa, aliniambia. Walihitaji mtu mmoja tu wa huku akubali kumwajiri mama yake kazi za ndani, aandike hivyo kwenye karatasi. Baba angetafutiwa njia baadaye. Kila barua iliyotoka kwao ilimuuliza: umepata mtu?

Basi kila akitoka shule alibisha hodi nyumba za watu. Alisema: mama yangu anajua kupika, anajua kupiga pasi. Mtoto wa miaka kumi, jamani! Wengi walimfungia mlango. Mama mmoja alimkaribisha, akampa maziwa, akasema atamchukua mama yake. Akashika kalamu kabisa. Halafu akauliza: mambo yakitulia, mama yako atarudi kwao? Siku zile Wasweden walitaka wageni wa kupita tu. Mtoto akajibu ukweli, kwamba hawana tena pa kurudi. Yule mama akaweka kalamu chini, akasema atafikiri kwanza. Hakumwita tena. Baadaye barua kutoka Vienna zikakoma. Wazazi wake walipelekwa mashariki, wakauawa.

“Basi bibi, mimi niseme ukweli au ninyamaze?”

“Usiniulize mimi,” akasema. “Mimi nilisema ukweli.”

Niliinuka nikaenda kusugua sufuria ya uji ulioungua.

Siku tatu nilitembea kama mgonjwa. Kunyamaza kusingenisaidia, damu ingesema yenyewe. Na mtoto angeambiwa na nani? Na mgeni fulani wa ubalozi, na sindano mkononi. Hilo liliniogopesha kuliko kukataliwa. Nikaamua kwenda kwa afisa kusema kweli, lakini kwanza nimpigie mwanangu. Peke yangu nisingethubutu, kwa hiyo nilimwomba bibi nipigie jikoni kwake. Hatimaye binti yangu alikuja, baada ya mwaka mzima na karatasi nyingi za kuthibitisha kwamba ndiye niliyemlea. Mchana ule hatukulijua hilo. Nilikwangua kadi ya simu nikakosea namba mara mbili.

“Mwanangu,” nikamwambia, “ni dada yangu aliyekuzaa. Mimi nilikabidhiwa. Watu wa uhamiaji huku wanataka kupima damu zetu.”

Akajibu kwa sauti ndogo.

“Ninajua, mama. Jirani aliniambia zamani. Nilinyamaza kwa sababu nikisema ungeacha kunifuata.” Akaanza kulia. “Lakini nilimwambia mwalimu. Alikuwa ananiuliza kuhusu mama yangu. Ndiyo maana watu wa huko wamejua? Ni mimi nimeharibu?”

Bibi alinivuta mkono, anataka kujua mtoto anasema nini. Nikamtafsiria neno kwa neno. Aliinuka bila kushika mkongojo wake, akasogeza mdomo kwenye simu kana kwamba yeye ndiye angesikika kule.

“Mwambie si kosa lake.”

Nikamwambia.

“Analia bado?”

“Analia, bibi.”

“Mwambie tena,” akasema, naye machozi yanamtoka, na nikaendelea kumwambia mpaka kadi ikaisha.