Nilimwaga Musingi ya Mama kwa Mabati

Hapana, Biira, usinirudishie ile maneno ati fundi ni mutu muzima, angekataa. Alikataa. Mara ya kwanza alikataa polepole, mara ya pili kwa sauti. Mara ya tatu nikamuambia kama kazi imemushinda aseme tu, pale Bwera mafundi wamejaa wanangoja kuitwa, nitaleta mwingine kabla jasho yake haijakauka. Sasa mutu iko na watoto nyumbani, unataka afanye nini? Akashika beleshi. Hiyo ndiyo munaita kukubali.

Biira ni rafiki yangu, tulisoma wote mpaka S6, mwisho wa sekondari. Ni yeye peke yake nimemuambia hii mambo, na kila siku ananitafutia mulango ya kutokea. Sitaki mulango. Naandika watu wote wasome. Jina tu ndiyo naficha, kwa sababu bado nataka kununua chumvi dukani bila kunyoshewa kidole. Muone vile niko shujaa.

Kosa ni yangu. Niliharibu musingi ya nyumba ya mama yangu mwenyewe, kisha nikaacha mutu mwingine aitwe mwizi.

Tangu baba afariki tunapanga chumba kimoja hapa Bwera, Uganda, karibu na mupaka ya Kongo: mama, mimi na wadogo wangu wawili. Mama anauza samaki ya chumvi kule soko ya Mpondwe. Miaka yote hiyo alikuwa anaweka kidogo kidogo, mpaka akapata kiwanja upande wa Karambi. Kiwanja nzuri, lakini imelala kwa mteremuko. Ukiangusha chungwa kule juu, utaliokota kwa jirani.

Siku ya kumwaga musingi ikaangukia siku ya soko. Mama hawezi kukosa soko, samaki haingoji. Akaniita, akaniambia: wewe umesoma, utamusimamia fundi. Mimi nikavimba kama andazi. Kusoma kwangu yote ilikuwa kemistri ya kujaza karatasi, lakini nilivaa gambuti ya mama, nikashika simu mukononi, nikasimama pale kama injinia ametumwa kutoka Kampala.

Kitu moja mama hakujua. Ile ile siku nilikuwa nimeitwa interview, kwa kambi moja ya watalii mbugani, karibu na Mweya. Walikuwa wanatafuta binti wa kupokea wageni, mwenye Kiingereza na meno nzuri. Gari ya kunipeleka ilikuwa inatoka Bwera saa saba. Sikumuambia mama, nilitaka nimushangaze jioni. Na kweli nilimushangaza.

Fundi alikuwa anaitwa Ramazani. Mutu ya Kasindi, ng'ambo ya mupaka, ameoa huku kwetu. Musiwaze ni muzee mupole mwenye busara. Ramazani iko na mudomo kama redio. Anajisifu kutoka asubuhi: nyumba ile ni yangu, duka ile ni mukono yangu, ile musikiti mumeiona, nani alijenga? Hata mimi nilikuwa nimemuchoka kabla hatujaanza.

Lori ilikuwa imemwaga muchanga na kokoto juu, kando ya barabara, kwa sababu haiwezi kuteremuka. Mutaro ya musingi iko chini, na upande wa chini kabisa mafundi walisimamisha mbao ndefu za kuzuia zege, ile tunaita beto, maana pale musingi inatoka nje ya udongo. Mupango ya Ramazani ilikuwa hivi: beto inachanganywa juu, kisha watu wanasimama mustari na kupitisha makarai mukono kwa mukono mpaka chini. Mutu wa mwisho anamwaga, Ramazani anashindilia kwa chuma ili hewa itoke.

Nikatazama ile mustari. Karai inapita, mutu anacheka, karai inapita, mutu anauliza mwenzake kama jana alilala wapi. Nikamuuliza fundi tutamaliza saa ngapi. Akasema jioni, Mungu akipenda.

Jioni! Na mimi wageni wa Mweya wananingoja na meno yangu.

Hapo ndipo akili ya S6 ikafanya kazi. Mama alikuwa amekwisha kununua mabati ya kuezeka, imewekwa kwa jirani, naye pia siku hiyo alikuwa amekwenda soko. Nikawaza: mabati ni laini, mulima ni mulima, beto ni nzito. Kwa nini tunabeba kitu ambayo inaweza kuteremuka yenyewe? Nikatuma vijana walete mabati. Nikawaambia waipange moja kwa nyingine, kutoka barabarani mpaka kwa mutaro, kama mufereji ndefu. Nilijiona nimevumbua umeme.

Ramazani akaweka karai chini. Akaniambia kwa maneno ya kwao Kongo, ambako binti ni mamzel: "Mamzel, beto tunaibeba, haiteremukake vile. Mawe itakimbia mbele, simenti itabaki nyuma. Utapata ukuta ya mawe kavu."

Nikamuambia beto ni beto, ikifika chini itakutana tena. Nawaomba musome hiyo sentensi mara mbili. Itakutana tena. Kama wapenzi.

Tukajaribu. Haikuteremuka, ilikaa pale juu ya bati kama ugali ya jana. Vijana wakaanza kucheka. Mimi, kwa sababu nimesoma, nikajua dawa: ongeza maji. Ramazani akasema hapana, maji mingi inaua simenti. Ndiyo ile mara ya pili, ya sauti. Akaniambia kama nina haraka niende, aniachie yeye kazi. Nikaona ananidharau mbele ya vijana. Nikamuuliza, "Hii nyumba ni ya mama yangu ama ya mama yako?"

Akanitazama. Mutu mwenye mudomo kama redio, na betri ikaisha. Ndipo nikamalizia na ile ya mafundi wamejaa Bwera.

Akasema, "Sawa, afande." Akaongeza maji.

Ndugu zangu, iliteremuka! Mungeliona. Kokoto ndiyo ilifika ya kwanza, ikiruka kama watoto wa shule kengele imelia. Halafu muchanga. Simenti ikafuata nyuma, polepole, maji maji, kama mugeni mukubwa anakuja harusi akijua hawawezi kuanza bila yeye. Vijana wakapiga makofi. Mimi nikapiga picha na simu. Ramazani akataka kusimamisha ashindilie kila tabaka. Nikamuambia inatembea yenyewe, unashindilia nini, uji? Endelea.

Saa sita karibu yote ilikuwa imeingia. Nikawaambia waoshe mabati warudishe kwa jirani, nikakimbia kuoga.

Kule interview nilikuta mabinti wengi kuliko viti. Wakatuuliza mambo mbili tatu, tukatabasamu, wakasema mutaitwa. Mpaka leo nangoja. Kama ni wewe ulipoteza namba yangu, haijabadilika.

Mbao ya kuzuia beto ilitolewa baadaye, na mama iko pale. Alikuwa amekuja na majirani wawili, kuwaonyesha. Ubao wa kwanza ukatoka upande wa chini, na mimi nikaona kabla ya wote. Munajua kashata? Karanga zimeshikana, lakini unaona nafasi katikati? Musingi ya mama ilikuwa kashata, na sukari yenyewe haba. Mama akaweka kidole kwa jiwe moja. Jiwe likatoka. Akaliangalia kwa kiganja kama mutu amepewa chenji ya uongo.

Akauliza, "Fundi, simenti yangu iko wapi?"

Ramazani akaeleza yote. Mabati, maji, kila kitu. Hakuongeza hata neno moja, na yeye kuongeza ndiyo kazi yake. Majirani wakacheka. Fundi gani anaamurishwa na mutoto wa shule? Mabati gani, na mabati iko kwa jirani, safi? Mmoja akasema wazi kile wote walikuwa wanawaza: huyu ni mutu ya ng'ambo, simenti imekwisha kuvuka mupaka kwa pikipiki. Vijana waliobeba beto walikuwa wamerudi kwao. Kukabaki watu wawili wanaojua, yeye na mimi.

Mama akanigeukia. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza vile unauliza mutu unamuamini, "Wewe ulikuwa hapa. Ilikuwa namna gani?"

Nikasema, "Mimi niliondoka mapema."

Ni kweli. Niliondoka saa sita. Ndiyo muone vile nilisoma vizuri, nilipata namna ya kudanganya bila kusema uongo. Ramazani hakunitukana. Nafikiri alidhani nitaongeza kitu. Kisha akakusanya vyombo vyake, mwiko, chuma, kamba, akapanda mulima.

Na mama akanituliza mimi. Mimi! Akaniambia nisijilaumu, wezi wako na akili. Ilimuuma zaidi ati nilikosa kazi, maana jioni nililia na ikabidi nimuambie ya interview. Alininunulia soda.

Habari ya mwizi inatembea haraka kuliko beto yangu. Mwalimu mmoja wa Nyakiyumbu alikuwa amepatana na Ramazani amujengee, akavunja mapatano. Wa pili akavunja. Sasa mutu aliyejenga musikiti anasukuma mizigo kwa wilibaro pale mupakani, anavusha magunia ya watu. Napita kwenda kumusaidia mama kuuza, namukuta. Mara ya kwanza nikajificha nyuma ya lori ya ndizi. Mara nyingine hakukuwa na lori. Akasimama, akaweka wilibaro chini, akanisalimia vizuri, "Habari ya nyumbani, afande?" Nikajibu nzuri. Mama iko kwa meza yake pale mbele, akageuza uso asimuone. Tangu siku hiyo samaki ya chumvi ikiingia mudomoni mwangu naona imezidi chumvi.

Na nyumba? Ah, nyumba inaendelea! Mama alileta fundi mupya, mutu mupole, hana maneno. Mama akafurahi. Fundi mupole akasema ubaya ni ya nje tu, akapaka plasta juu ya ile kashata, akalainisha, akachora mistari ya mapambo, ikawa nzuri kabisa. Akapandisha ukuta juu yake. Kila tofali lilipopanda, mimi nilisema kesho nitasema. Nilisema hivyo mpaka dirisha. Nikasema hivyo mpaka juu ya dirisha.

Wiki hii kona ya chini imepasuka. Ufa mwembamba, unapanda kutoka kwa plasta mpaka kwa dirisha. Fundi mupole akauziba. Asubuhi yake ulikuwa umerudi. Akasema ni jua. Hiyo kona ni chumba ya wadogo wangu. Walikichagua wenyewe, kwa sababu ukisimama dirishani unaona bonde yote mpaka kwenye mbuga. Wamekwisha kugombana nani atalala upande wa ukuta. Na munajua mvua ya hapa kwetu, inateremuka mulima vile inataka, haiombi ruhusa.

Leo jioni mama amerudi kutoka soko anaimba. Kesho mafundi wanapandisha mbao ya paa, halafu ile mabati. Ameanza kuwaambia watoto wafunge nguo zao.

Basi, wewe mwenye umemaliza S6 juzi na umepewa kusimamia watu, nisikilize hata kama hunipendi. Ukiona kazi inakwenda polepole, uliza kwa nini kabla hujaamuru. Beto haijali cheti yako. Haijali uko na gari ya saa saba. Ukikosea, basi, umekosea, musingi inabomolewa inamwagwa upya, wanakucheka wiki moja inaisha. Lakini ukinyamaza, wengine wanajenga juu yake, na kila siku inakuwa nzito zaidi kuinua. Na usijitafutie Biira wa kukuambia fundi angekataa.

Nimekwisha kuamua. Kesho asubuhi, kabla ya chai, nampigia simu fundi mupole asipande kwa ukuta. Kisha nashuka na mama mpaka kwa ile kona, sisi wawili tu, nampa nyundo mukononi na namuonyesha mahali pa kupiga. Plasta ikianguka, nitamueleza yote, na sitakimbia hata akinigeuzia ile nyundo. Halafu nakwenda Mpondwe, pale kwa mizigo, wakati soko imejaa na wale waliomuita mwizi wako pale wote, nisimame mbele ya Ramazani niseme ni mimi. Kama mama atakubali kutembea na mimi, tutakwenda wawili. Kama hataki, nakwenda peke yangu.