Beseni la Mchicha Juu ya Mizani

Mwezi jana, katika ofisi ya kago hapa Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika huku Uchina, dada mmoja mfanyabiashara wa Kariakoo alitua beseni juu ya mizani. Ndani mlijaa miche ya mchicha, imebanana kama mitumba kwenye belo.

"Dada, mimea hatusafirishi," akasema karani.

"Nani kakwambia nasafirisha? Nagawa! Nilimwaga pakiti nzima ya mbegu humu, si nimezoea kununua jumla! Sasa jirani yangu, bibi wa Kichina, ananiambia ning'oe nusu nitupe." Akashika kiuno. "Mimi, nitupe mzigo?"

Tulicheka, kisha tukaigombania. Huyu kachukua kwa kikombe cha plastiki, yule kwa kopo la rangi.

"Toboeni chini, maji yasituame!" alitupigia kelele hadi mlangoni. "Na muweke dirishani, ipate jua!"

Mimi, ambaye sijawahi kuotesha hata kitunguu, niliondoka na miche mitatu. Jana nimechuma! Mboga ilikuwa vijiko viwili tu, lakini nimewapigia simu watu wanne.

Anza na kikombe, msomaji. Ukikosea ukamwaga pakiti nzima, umeshaanzisha bustani ya mtaa mzima.