Harusi Iliyokwenda kwa Miguu

Mwanangu, naikumbuka vizuri siku niliyomwambia mchumba wangu aende zake Tanga. Ilikuwa miaka ya hamsini, na mwaka ule karafuu zilianguka bei. Hapa Unguja karafuu zikianguka bei, hata asiyekuwa na mkarafuu mmoja hubana mkanda. Yohana wangu alikuwa seremala. Watu wakiwa na fedha huagiza makasha na vitanda vya harusi. Mwaka ule hakuna aliyeagiza hata kigoda.

Sisi Wakristo tulikuwa wachache mjini, na padri alikuwa ameshaitangaza ndoa yetu kanisani, kule Mkunazini. Ilibaki kufungwa tu. Lakini mimi nilitaka shela, viatu vyeupe vya kisigino, na gari la kukodi lililopambwa maua, kama alivyopata binamu yangu mwaka wa neema. Usicheke. Jana tu umeniambia harusi yako haiwezekani mpaka mpate ukumbi. Basi nikamwambia Yohana aende kwenye mashamba ya mkonge akatafute fedha, akirudi tutaoana. Akaenda kufunga vyombo vyake vya kazi. Na vijana wengi waliokwenda kule hatukuwaona tena.

Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea pale Kikwajuni, alikuwa anachagua mchele nilipompa habari. Hata macho hakuinua.

"Waolewa na Yohana au na viatu?"

"Na Yohana, Bibi. Lakini watu watatucheka."

"Nani kakwambia wanakutazama wewe? Mwaka huu kila mtu anatazama chungu chake." Akaweka ungo chini. "Hebu nambie. Kule Kana, Bwana Yesu alialikwa harusini. Divai ikawaishia mbele ya wageni. Aliwaambia wavunje harusi mpaka mwakani?"

"Hapana, Bibi."

"Aliwaambia nini?"

"Wajaze maji."

"Maji si tunayo? Basi mfuate mchumba wako kabla hajapanda meli."

Nilitoka mbio, kanga inaniponyoka kichwani. Nilimkuta Yohana karakanani, anatia randa zake guniani. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, yote yakanipotea. Nikalishika lile gunia nikalimwaga chini.

"Tunaoana," nikasema. "Hivi hivi tulivyo."

Akanitazama. "Na viatu?"

"Nna makubadhi."

Yohana alicheka mpaka akakaa juu ya vumbi la mbao, nami nikacheka huku nalia.

Siku ilipofika, jirani yetu Bi Zuhura, Mwislamu wa swala tano, alikuja asubuhi na doti ya kanga kutoka kwenye kasha lake, haijagusa maji. Akanipamba nywele kwa maua ya asumini na kilua. "Hutoki mtaani kwetu kama yatima," akasema. Gari hatukuwa nalo, basi tukatoka kwa miguu, Bibi mbele, anaimba nyimbo za kanisa kwa sauti yake ya kukwaruza. Laiti ungeona! Bi Zuhura akapiga kigelegele, wanawake wakatoka milangoni wakamwitikia. Muuza kahawa akagonga vikombe vyake. Hamali mmoja akaliacha gari lake la kusukuma kando ya njia akatufuata. Tulipofika Mnazi Mmoja nikageuka nyuma, nisiuone mwisho wa watu.

Majirani Waislamu walitungoja nje ya kanisa, na tulipotoka mume na mke, vigelegele vilizishinda kengele. Nyumbani tulikuwa tumepika muhogo wa nazi wa kutosha watu wa ndani tu. Lakini kila mlango wa mtaa ulileta bakuli lake, na mpaka jioni tulikuwa bado tunakula. Nasema bila haya, siku ile nilijiona malkia. Binamu yangu alipopita na gari lake watu walimpisha njia. Mimi watu walinifuata.

Karafuu zimepanda na kuanguka mara nyingi tangu hapo, na Yohana nilizeeka naye. Usidhani kuridhika ni kukaa bure umekunja miguu. Mume wangu mwaka ule alichonga mipini ya majembe, akashukuru. Kuridhika, mwanangu, ni kumshukuru Mungu kwa ulicho nacho leo, na kukitumia leo, bila kumwekea sharti la ukumbi wala la viatu. Wewe jaza maji. Mengine mwachie Yeye, na uwaachie majirani nafasi ya kukupenda.

Mungu aliyetembea nasi kutoka Kikwajuni mpaka Mkunazini atembee nawe na mwenzio. Awape mikono isiyochoka na meza isiyokosa mgeni. Kaitangazeni siku. Miguu hii bado inanibeba, na safari hii mbele nitaimba mimi.