Mama Blanketi na Safari ya Mita Mia Nne

Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa mhudumu wa mabehewa ya kulala, na abiria walimwita Mama Blanketi. Hakungoja mtu aombe. Akipita koridoni akaona mabega yamejikunja, aliingia, akafunika, akatoka. "Mwenye baridi haombi," alizoea kusema. "Hutetemeka tu."

Kule relini, anayestaafu hupigiwa honi tatu ndefu. Yeye hakupigiwa hata moja. Njia ilifungwa Jumanne, barua ikamfikia Alhamisi, akaenda zake nyumbani na mablanketi sita ambayo hakuna aliyeyadai. Miaka minne ikapita hajakanyaga treni.

Ndipo binti wa kaka yake, aliyesomea filamu na kurudi na ndoto pana kuliko mfuko wake, akaja kubisha hodi. Alikuwa anatengeneza filamu ya kusisimua: mwanamke ameshuhudia mauaji kwenye treni ya usiku, na muuaji anamsaka behewa kwa behewa. Behewa lenyewe lilikuwa moja, kuukuu, limeegeshwa nyuma ya karakana likingoja kukatwa kuwa chuma chakavu. Wakibadilisha namba za milango, linakuwa manane.

"Na huo usiku mtautoa wapi, mchana kweupe?" aliuliza Mama Blanketi.

"Kwako, Shangazi."

Basi mablanketi matano yakatundikwa madirishani, na usiku ukaingia saa nne asubuhi. Mwenyewe akakabidhiwa boriti iliyopenyezwa chini ya behewa. Akiisukuma, treni inakwenda. Akipumzika, imefika stesheni. Muuaji, ambaye siku nyingine zote alikuwa fundi wa meno, na rangi nyekundu tu ilimtia kizunguzungu, alimchungulia dirishani.

"Dereva, polepole! Utaniangushia kisu!"

"Wewe ua tu, mwanangu. Reli niachie mimi."

Siku tano zilikwenda vizuri. Likabaki tukio la mwisho: mwanamke ameokoka, amekaa peke yake, na hapo ndipo analia. Lakini mwigizaji hakulia. Walijaribu mara kumi na moja. Kitunguu kilimpa macho mekundu, huzuni hakikumpa. Na siku ya sita, saa sita mchana, injini ingekuja kulichukua behewa. Bila tukio lile hakuna filamu.

Siku hiyo injini ilikuja mapema, saa tatu asubuhi.

Aliyeshuka ni dereva aliyefanya naye kazi zamani, ambaye wenzake walimwita Taratibu. "Mama Blanketi! Hili bati bado hujalichoka?"

"Kaka, tupe saa moja tu."

"Saa sina, dada. Wenye misumeno wananisubiri." Aliitazama kamera, akamtazama binti wa watu aliyekuwa karibu kulia yeye badala ya mwigizaji. "Ila kutoka hapa hadi kwao ni mita mia nne, na naweza kwenda kama jina langu. Pandeni."

Boriti haikuhitajika tena. Mama Blanketi alisimama koridoni na blanketi la sita begani, hana kazi. Behewa likashtuka, likaondoka. Mtikisiko wa kweli ukampanda kutoka nyayoni hadi magotini, na miguu ikakumbuka kabla ya kichwa. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliona mabega yamejikunja.

Aliingia. Akalifunua blanketi, akamfunika yule mwanamke hadi shingoni.

"Jifunike, mwanangu. Bado mbali, lakini tutafika. Mimi nipo hapo nje."

Alipogeuka ndipo alipoiona kamera, taa yake nyekundu ikiwaka. Ameharibu! Mita mia nne hazirudi. Alifungua kinywa aombe radhi, akasikia kilio nyuma yake, na kilio hicho hakikuwa cha kitunguu. Binti wa kaka yake, ngumi mdomoni, alimwashiria kwa mkono wa pili: tembea, Shangazi, tembea. Akatoka koridoni kama alivyotoka mara elfu.

Behewa liliposimama, binti wa kaka yake alimfuata koridoni.

"Shangazi, umeuchana mswada wangu."

"Nisamehe, mwanangu. Miguu ilinitangulia."

"Nikusamehe nini? Miezi saba natafuta mwisho, kumbe ulikuwa begani kwako!"

Muuaji alikuwa akifuta macho kwa kola ya koti. "Ningejua treni ina mtu kama huyu," alisema, "nisingeua."

Taratibu alifungua minyororo, akapanda injini yake. Kisha, kabla hajaondoka, akapiga honi. Moja. Ya pili. Ya tatu ikavutwa mpaka njiwa wa karakana wakaruka wote. Mama Blanketi alisimama wima, mikono ubavuni, hadi sauti ilipokwisha.

Baadaye aliyakunja mablanketi matano kutoka madirishani. La sita mwigizaji alikuwa bado amejifunika, na akaanza kulivua.

"Kaa nalo," Mama Blanketi alimwambia. Katika miaka ile yote abiria ndio walioshukuru. Leo alitangulia yeye. "Asante, mwanangu. Asanteni nyote. Nimefika."