Mposaji wa Pembeni mwa Skrini

Kila asubuhi mama mkwe, fundi cherehani mstaafu, huivua kompyuta ya sebuleni kitambaa chake cha kufuma, huiwasha, na ule ujumbe huibuka pembeni: mfumo mpya uko tayari, uwekwe sasa? Hapo hufuta miwani kwa upindo wa khanga na kuusoma kwa sauti hadi mwisho, kama anayepokea posa. "Umependeza, baba, na maneno yako matamu," huuambia, "lakini binti bado anasoma." Hubonyeza "Baadaye", kisha huanza mchezo wake wa karata akiimba puani.

Juzi mke wa mwanawe alikaa hapo kutazama viatu vya mtandaoni, na kwa haraka zake akabonyeza "Sasa". Skrini ikawa nyeusi. Karata zikipotea, atamwambia nini mama wa watu? Mashine ikaamka na rangi mpya, karata zikiwa palepale. Mama mkwe akaguna tu: "Haya, wameoana."

Lakini kulipokucha hakuimba. Alifuta miwani mara mbili, akaikodolea macho ile pembe tupu. Kesho yake vilevile. "Mama, nisamehe, ni mkono wangu," mkwe akaanza, na kabla hajamaliza, pembeni pakaibuka ujumbe: sasisho jipya liko tayari. Mama mkwe akapiga kigelegele, akavuta kiti.

"Kumbe bwana harusi ana mdogo wake! Karibu, baba, karibu. Binti mwingine ninaye," akasema, kidole kikielekea "Baadaye", "ila naye bado anasoma."